Sikio la kifaranga, sikio la mjomba

Kifaranga alikuwa ametumbukia kwenye ndoo tupu nyuma ya banda, analia kwa nguvu zake zote. Nilimsikia nikiwa barazani. Mjukuu alimsikia akiwa jikoni. Mjomba, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye ile ndoo akimwaga pumba, hakusikia kitu. Aliwahesabu vifaranga wake kwa kidole, akafika kumi na tatu, akarudia, wakawa kumi na tatu, akaanza kumlaani mwewe.

Mjomba si kiziwi. Ukimpa shikamoo anaitikia marahaba bila kusita. Jogoo akiwika anamsikia, na lori likipanda kilima cha Muheza anaweza kukwambia limebeba mzigo au liko tupu, maana alikuwa dereva miaka mingi. Kilichomtoka ni sauti nyembamba: mlio wa kifaranga, nyenze wa jioni, mlio wa simu yangu, na zile herufi zinazotoka kwa kupenyeza hewa kwenye meno na midomo, s, sh na f. Mwambie “amefika”, yeye atapokea “ame…ika”. Konsonanti iliyobeba maana imebakia njiani. Amepika? Ameshika? Amezika? Anakutazama mdomo, anakisia, mara nyingi anapatia. Asipopatia, watu hunong'onezana kwamba mzee ameanza kupotea kichwani.

Miaka ya mwanzo ya 2000 alipata kifua kikuu, akatibiwa, kikarudi. Siku zile mgonjwa aliyerudiwa na ugonjwa huo alikuwa akiongezewa sindano ya streptomisini juu ya vidonge, kila siku kwa miezi miwili. Mjomba alidungwa, akapona. Naomba hilo lisomeke vizuri kabla sijaendelea: alipona, yu hai, anafuga kuku. Lakini sindano zilipokuwa zinaelekea mwisho masikio yalianza kumlilia mchana na usiku, na akitembea gizani ardhi ilikuwa kama inamkimbia. Alipowaeleza pale zahanati aliambiwa itaisha yenyewe. Naye hakuwa na sababu ya kubisha. Nani wa rika lake hajawahi kuwekewa dripu ya kwinini, masikio yakavuma siku kadhaa, kisha yakanyamaza? Kwinini huondoka na mvumo wake. Alichofanyiwa mjomba kilikuwa kitu kingine kabisa, na ili kukielewa inabidi tuingie ndani ya sikio.

Nyuma ya ngoma ya sikio, ndani ya mfupa, kuna mfereji uliojisokota mizunguko miwili na nusu kama nyumba ya konokono. Madaktari wanauita koklea, na neno hilo la Kilatini lina maana hiyohiyo ya konokono. Ukiunyoosha haufiki sentimita nne. Ndani yake kuna safu za seli ambazo Mwitaliano Alfonso Corti alizichora mwaka 1851, na kila moja ina kishungi cha vinyweleo kichwani, vimepangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Sauti ikiingia, majimaji yanatikisika, vinyweleo vinapinda, seli inapeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Hizo ndizo tunazoweza kuziita seli za vinyweleo. Hazina uhusiano wowote na nywele za kichwani, wala na zile zinazoota masikioni mwa wazee.

Idadi yake ndiyo inayonitia hofu. Sikio moja lina kama 15,000 tu: 3,500 za ndani, ambazo ndizo zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo, na 12,000 za nje, ambazo zinarefuka na kufupika kwa mdundo wa sauti ili kuikuza ile iliyo hafifu. Jicho moja lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100. Uwanja wa Mkapa pale Dar es Salaam unachukua watu 60,000. Waketishe humo seli zote za masikio yako mawili, nusu ya viti itabaki tupu. Kila muziki uliowahi kuusikia, kila aliyewahi kukuita jina lako, alipitia kwenye hadhira hiyo ndogo. Umezaliwa nayo, na hakuna nyingine inayokuja.

Safu hiyo imepangwa kama marimba. Mlangoni kabisa kuna seli za sauti nyembamba, na kadiri unavyozunguka kuelekea katikati ya konokono sauti zinazidi kuwa nzito. Streptomisini na nduguze, jentamisini, kanamisini na amikasini, huanza kuua mlangoni. Ndiyo sababu mjomba alipoteza kifaranga akabaki na lori.

Namna dawa inavyoingia humo imenisumbua tangu nilipoisoma mara ya kwanza, kwa sababu inaingia kwa njia ileile ya kusikia. Kwenye ncha za vile vinyweleo kuna vitundu vinavyofunguka kila vinapopinda, ili chembe za potasiamu zipite na kuiamsha seli. Dawa hizi nazo zina chaji chanya kama potasiamu, na zinapenya humohumo. Kuingia ni rahisi, kutoka ni kazi. Mvuvi yeyote wa pwani analijua dema: samaki anaufuata mlango mpana, halafu haoni pa kurudi. Dawa inajikusanya ndani ya seli, inaweza kukaa humo miezi, na ndiyo maana wengine husikia vizuri hadi sindano ya mwisho, kisha usikivu unaanza kushuka wakiwa tayari wako nyumbani wanapokea hongera.

Ikishajaa, inavuruga mitokondria, yale majiko ya kila seli. Hapa kuna ukoo wa zamani. Mitokondria zetu zina asili ya bakteria, na mitambo yake ya kutengeneza protini bado inafanana na ya bakteria. Streptomisini inaua bakteria kwa kuikaba mitambo hiyo. Kuna watu ambao herufi moja tu katika jeni za mitokondria zao, ile ya nafasi ya 1555, imebadilika, na badiliko hilo linaufanya mtambo wao ufanane zaidi na wa bakteria. Hilo liligunduliwa mwaka 1993. Mtu wa namna hiyo anaweza kupoteza usikivu kwa dozi ambayo mwenzake haimdhuru, na kwa kuwa mitokondria hurithiwa kwa mama, utakuta ukoo mzima wa upande wa mama umejaa watu “waliopata homa utotoni wakawa viziwi”. Homa husingiziwa mengi.

Figo nazo huipokea dawa hiyo na huumia, lakini seli zake zinajizalisha upya na mara nyingi figo hupona dawa ikikatishwa mapema. Sikio halina bahati hiyo.

Hakuna aliyefichwa jambo hili. Streptomisini ilipatikana mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman, Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, na aliyeikuta hasa kwenye udongo na vijidudu vyake alikuwa mwanafunzi wake, Albert Schatz. Nobel ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake, na ugomvi wa wawili hao ni makala nyingine. Madaktari William Feldman na Corwin Hinshaw wa Mayo Clinic walioijaribu mapema kwa wagonjwa wa kifua kikuu waliona mara moja kwamba baadhi yao wanayumba. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani ambaye dawa hiyo ilimmaliza kabisa uwezo wa kujisawazisha alieleza katika jarida la New England Journal of Medicine jinsi alivyolazimika kukibana kichwa chake kati ya vyuma vya kitanda ili aweze kusoma, kwa sababu kila mpigo wa moyo ulikuwa unazirusharusha kurasa mbele ya macho yake. Lakini pembeni ya kitanda hicho kulikuwa na wagonjwa waliokuwa wanakufa kwa kukohoa damu. Ukipewa uchague, utachagua nini? Dunia ilichagua, na sioni kama ilikosea.

Sasa turudi kwa kuku.

Hadi miaka ya 1980 ilikuwa inaaminika kwamba ndege, kama sisi, huzaliwa na akiba yao yote ya seli za kusikia. Kulikuwa na dalili kwa viumbe wengine: Jeffrey Corwin alishaonyesha mwaka 1981 kwamba samaki wa jamii ya papa na taa huongeza seli hizo maisha yao yote. Lakini papa ni papa. Mwaka 1987 Raul Cruz, Paul Lambert na Edwin Rubel walichapisha kazi yao ya kuwadunga vifaranga jentamisini na kuhesabu seli za masikio yao kwa darubini baada ya vipindi tofauti. Ungetarajia kwamba kadiri siku zinavyopita seli zilizokufa zitabaki zimekufa. Badala yake, vifaranga waliosubiri muda mrefu zaidi walikuwa na seli nyingi zaidi. Mwaka huohuo Douglas Cotanche, aliyewaumiza vifaranga wake kwa kelele badala ya dawa, aliona vishungi vipya vya vinyweleo vikichipua mahali palipokuwa pamefyekwa.

Mwaka uliofuata toleo moja la jarida la Science lilibeba makala mbili zilizofuatana, moja ya Corwin na Cotanche, nyingine ya Brenda Ryals na Rubel. Waliwapa ndege kemikali yenye mnururisho ambayo huingia tu kwenye seli inayogawanyika, kisha wakaitafuta masikioni. Waliikuta ndani ya seli mpya za vinyweleo. Ryals na Rubel walitumia kware waliokwisha kukomaa, kware haohao ambao mayai yao yaliwahi kututia wazimu huku kwetu kwa kuaminiwa kwamba yanatibu kila kitu. Laiti tungejua kwamba maajabu yalikuwa kwenye sikio.

Kwa kifaranga, seli mpya huanza kuonekana siku chache tu baada ya zile za zamani kufa, na katika wiki kadhaa usikivu mwingi unarudi. Bundi naye ni vivyo hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, waliwapima bundi wazee na vijana wakakuta wanasikia karibu sawa. Ndege tunayemfukuza paani kwa mawe kwa kuwa ni mkosi anazeeka na masikio ya ujana wake.

Zinatoka wapi hizo seli mpya? Kila seli ya vinyweleo imezungukwa na seli za kuishikilia, kama nguzo zinavyozunguka ghala. Kwa ndege, seli ya vinyweleo ikifa, ile ya kuishikilia huzinduka. Ama hugawanyika, pacha mmoja akawa seli ya vinyweleo, au hubadilika moja kwa moja bila kugawanyika. Kinachoizuia siku zote ni jirani yake. Seli ya vinyweleo iliyo hai huigusa iliyo kando yake na kuipa ishara ya kemikali, njia ambayo wataalamu wanaiita Notch, na tafsiri yake ya mtaani ni ile ya daladala: “Hapa pana mtu!” Mkoba uko kitini, hukai. Mwenye kiti akishuka na mkoba wake, aliyesimama anakaa.

Kwetu sisi mamalia aliyekuwa na kiti ameshuka, mkoba umeondoka, na aliyesimama anaendelea kusimama. Panya mchanga, katika siku zake za mwanzo baada ya kuzaliwa, bado anaweza kujaribu kidogo. Baada ya hapo mlango unafungwa. Jeni zinazohitajika zipo, hazikupotea, ila zimekunjwa na kuhifadhiwa mahali ambapo seli yenyewe haizifikii tena.

Kwenye viungo vya kujisawazisha mambo si meusi kiasi hicho. Mwaka 1993 kundi la Andrew Forge la London na la Mark Warchol la Marekani walionyesha, tena katika Science, kwamba simbilisi aliyeharibiwa kwa dawa za jamii ya jentamisini huotesha tena baadhi ya seli za vinyweleo katika viungo hivyo, na kwamba hata vipande vya tishu ya binadamu vilivyotolewa kwenye upasuaji vilionyesha dalili. Ni chache, hazitoshi kumrudisha mtu alikokuwa. Lakini mjomba siku hizi hayumbi kama zamani. Sitadai ni seli. Ubongo nao hujifunza kutumia macho na nyayo badala ya sikio, na usiku wa giza bado anapapasa ukuta.

Tangu hapo mbio zimekuwa za kumfanya binadamu awe kuku. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi kule Houston ilionyesha kwamba panya asiye na jeni iitwayo Atoh1 hapati hata seli moja ya vinyweleo. Kwa hiyo huo ndio ufunguo, watu wakasema. Mwaka 2005 kundi la Yehoash Raphael la Michigan liliipenyeza jeni hiyo kwa virusi kwenye masikio ya simbilisi waliozibwa usikivu kwa kanamisini, likaona seli mpya na usikivu kiasi. Mwaka 2014 kampuni ya Novartis ikaanza kuwatia binadamu jeni hiyohiyo kwa upasuaji. Usikivu haukurudi kama ilivyotarajiwa, na mradi ukawekwa kando.

Waliofuata walitaka njia nyepesi zaidi, sindano inayopita kwenye ngoma ya sikio. Kampuni ya Frequency Therapeutics, iliyotoka kwenye utafiti wa MIT, ilichanganya kemikali mbili za kuziamsha seli za kushikilia. Jaribio dogo la mwanzo lilionyesha wagonjwa wachache wanatambua maneno zaidi, na fedha zikamiminika. Mwaka 2021 jaribio kubwa zaidi likashindwa. Hata waliochomwa maji yasiyo na dawa “walipata nafuu”, ishara kwamba pengine baadhi ya watu walijitia hawasikii mwanzoni ili wakubaliwe kuingia. Siwacheki. Mtu aliyechoka kuuliza “umesema?” mara arobaini kwa siku anaweza kufanya lolote. Februari 2023 jaribio la mwisho nalo likashindwa, kampuni ikaachana na dawa hiyo. Kule Ulaya, watafiti wa Uingereza, Ujerumani na Ugiriki walijaribu kuikata ile ishara ya “hapa pana mtu” kwa dawa ya kuziba Notch, iliyokuwa imefanya kazi kwa panya. Majibu yao yalichapishwa mwaka 2024: dawa ni salama, lakini lengo kuu halikufikiwa.

Nadhani kosa la wengi wetu tunaoandika habari hizi ni kudhani kwamba seli ikiota basi kazi imekwisha. Seli mpya lazima ijue itakuwa ya ndani au ya nje. Ni mwaka 2022 tu ndipo kundi la Chicago lilipoonyesha kwamba jeni iitwayo TBX2 ndiyo inayoamua hilo. Lazima kishungi chake kielekee upande sahihi. Lazima mshipa wa fahamu uifuate na kuigusa, na mishipa hiyo nayo husinyaa ikikosa wa kuzungumza naye. Kisha lazima iwe kwenye nambari yake katika marimba, si ya jirani. Kifaranga anayafanya yote hayo bila profesa.

Na kuna mkanganyiko mmoja ambao ni bora niuondoe, kwa sababu video zake zinazunguka sana kwenye simu. Wale watoto waliozaliwa viziwi wakatiwa jeni na kusikia, habari iliyotikisa dunia mwanzoni mwa 2024, ni wa kweli. Ila hao seli zao za vinyweleo zilikuwepo, nzima, zikikosa protini moja tu iitwayo otofelini. Waliletewa kilichopungua. Mjomba hana wa kuletewa. Waliokuwa na kiti wameshuka wote. Alipoiona video ile alinitumia ujumbe mara tatu, na hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote katika kuandika makala hii. Kabla ya hapo alishanunua matone ya mitishamba ya shilingi 30,000 mnadani na kujaza sikio mafuta ya nazi yenye vitunguu saumu. Kilichotoka ni nta.

Ukweli ni kwamba ushindi mkubwa kwenye masikio ya wagonjwa wa kifua kikuu haukutoka kwenye maabara za kuotesha seli. Umetoka kwenye kidonge. Kwa miaka mingi mwenye kifua kikuu sugu alidungwa kanamisini au amikasini kila siku kwa miezi sita hadi minane, na wapo waliotoka wodini kifua kimepona, masikio yamekufa kabisa. Phumeza Tisile wa Khayelitsha, Cape Town, alikuwa mwanafunzi wa chuo alipougua mwaka 2010. Kanamisini ilimnyang'anya usikivu, na alipopona mwaka 2013 alikuwa kiziwi. Baadaye aliwekewa kifaa cha koklea, akarudi kusikia kwa njia ya umeme. Yeye na Nandita Venkatesan wa India, ambaye naye dawa za kifua kikuu zilimziba masikio, walipinga ombi la kampuni ya Johnson & Johnson la kurefusha hataza ya bedakwilini nchini India. Machi 2023 ofisi ya hataza ya huko ikalikataa ombi hilo.

Bedakwilini ni kidonge. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2012, na Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba itachukua nafasi ya sindano. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaziondoa kanamisini na kapreomisini kwenye orodha ya dawa zinazopendekezwa, na ilipofika 2022 likapendekeza tiba ya vidonge vitupu ya miezi sita. Hata ile streptomisini ya wagonjwa wa marudio, ya kina mjomba, ilifutwa kwenye mwongozo wa mwaka 2017. Hapa kwetu tiba ya kifua kikuu sugu ilianzia Kibong'oto, hospitali ya tangu 1926 kule Siha chini ya Kilimanjaro, mwaka 2009, enzi za sindano. Atakayeanza tiba leo hana sababu ya kupita njia hiyo ya zamani. Vidonge vipya vina madhara yake, kwa moyo na kwa mishipa ya fahamu, na vinahitaji kuangaliwa. Lakini havili sikio.

Jentamisini bado ipo, na itakuwepo. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu hupewa hiyo pamoja na ampisilini, na inamwokoa. Kule Manchester wametengeneza kipimo kinachochukua ute wa shavuni mwa mtoto na kueleza ndani ya dakika 26 kama ana lile badiliko la 1555, ili apewe dawa nyingine kabla ya sindano ya kwanza. Na kwa watoto wenye saratani wanaotibiwa kwa sisplatini, dawa nyingine inayofyeka seli hizihizi, utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kuwapa sodiamu thaiosalfeti saa sita baadaye kulipunguza waliopoteza usikivu kutoka asilimia 63 hadi 33. Marekani iliidhinisha mwaka 2022. Haioteshi kitu. Inazuia tu.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjomba kupimwa. Walimfungia kwenye chumba kidogo chenye godoro ukutani, wakamvalisha vipokea sauti vya masikioni, wakampa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Nilikuwa naangalia kupitia kioo. Milio mizito alibonyeza upesi, kama mtu anayejibu maswali anayoyajua. Kisha mkono ukatulia juu ya goti. Mtaalamu aliendelea kupandisha sauti, mstari kwenye karatasi ukaendelea kushuka, na mjomba aliketi pale kwa utulivu akisubiri kipimo kianze tena, hajui kwamba hakijasimama.

Alipewa mashine ya kusikia ya kujaribu. Anasema inamletea upepo na sahani, maneno kidogo. Nilimweleza habari za vifaranga, kwa sauti nzito na polepole, uso kwa uso. Alicheka hadi akakohoa, akauliza kama hao Wamarekani waliwala baadaye.

Kwenye banda ameshapata ufumbuzi wake. Vifaranga hawasikilizi tena, amekubali kwamba hawamo. Anamsikiliza mama yao. Kifaranga akipotea, kuku jike hulia kwa sauti nzito, ko-ko-ko, anazunguka, na sauti hiyo mjomba anayo yote. Akiisikia anaweka chini ndoo ya pumba na kuanza kumfuata, kila anakokwenda.